Mafuriko ya Rufiji Sasa Yana Mwenyewe

Ukitaka kujua Mrufiji anauchukuliaje mto wake, usianzie mtoni. Anzia dunguni.

Dungu ni kibanda kilichosimamishwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Sakafu yake ni fito zilizolazwa na kukazwa kwa kamba, paa ni nyasi au makuti, na kona moja imesilibwa udongo mzito ili mafiga yakae pale bila kuichoma nyumba. Mpunga unapoanza kuzaa, familia huhamia humo: mchana kuamia ndege, usiku kufukuza nguruwe. Mto ukipanda, maji hupita chini ya sakafu, mtumbwi hufungwa kwenye ngazi, na chungu kinaendelea kuchemka. Kinachostahili kutazamwa hapo ni kimo cha zile nguzo. Hakuna mhandisi aliyekipima. Kimepimwa kwa kumbukumbu: maji ya enzi za babu yalifika hapa, ya El Niño ya mwaka 1998 yakafika pale, basi sakafu na iwe juu ya hapo.

Nimeanza na dungu kwa makusudi, maana historia ya Rufiji inavyosimuliwa sana ni historia ya watu waliokuja na ramani. Mjerumani, Mwingereza, wataalamu wa Umoja wa Mataifa, Wanorwei, hata serikali yetu wenyewe, wote walipishana kwa mengi lakini wakakubaliana jambo moja: mafuriko ni tatizo, na maendeleo ni kuyakomesha. Watu wa bondeni hawakuwahi kuwaafiki. Kwao mafuriko ni mali. Mali kali, yenye meno, lakini mali. Ugomvi huo ndio uzi mrefu kuliko yote katika historia ya mto huu, na sasa umefika mahali ambapo haujapata kufika: mafuriko yamepata mwenyewe.

Hesabu ya kilimo cha bondeni ni nyepesi kuieleza, ngumu kuifanya. Mpunga unapandwa kwa mvua za kati ya Novemba na Januari, ili Machi na Aprili mto unapofurika uwe umeshapata kimo cha kusimama majini. Maji yakiwahi, miche inazama. Yakija kwa wakati wake, yanaunywesha mpunga na kuacha tope jipya. Yakishaanza kushuka, mwezi wa Juni hivi, inaanza kazi ya pili, mlao, ambayo wengine huitamka mlau: mahindi, kunde na maboga yanapandwa kwenye tope lililobaki na unyevu, bila tone la mvua, na yanakomaa kiangazi wakati wenzao wa juu kwenye mchanga wanatazama mbingu. Mabwawa ya pembeni, Zumbi, Uba, Ruwe, Utunge, nayo hupata maji mapya kwa mafuriko hayohayo, na perege na kambale wakaingia humo kuzaliana. Mkazi wa Dar es Salaam akisikia neno mafuriko hufikiria Jangwani na magari yanayoelea. Mrufiji akisikia kwamba mwaka huu maji hayakuja, ndipo anaposhika tama.

Kijiografia mto huu ni mkubwa kuliko jina lake. Bonde lote lina kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Unaanza kuitwa Rufiji pale Kilombero na Luwegu zinapokutana. Ruaha Mkuu unajiunga mbele kidogo, kabla ya maji yote kubanwa katika korongo la Stiegler. Na hapo pana jambo ambalo wanasiasa wetu wengi hawalijui: Ruaha Mkuu unakusanya maji kutoka karibu nusu ya bonde zima, lakini mchango wake haufiki hata moja ya tano ya maji ya Rufiji. Mto unaolisha zaidi ni Kilombero, nchi ya Wandamba na Wapogoro, ambako milima ya Udzungwa inakinga mvua. Kwa hiyo anayekata msitu juu ya Ifakara anaigusa sahani ya mtu wa Utete, ingawa hawajawahi kuonana.

Hata jina la watu wa chini limetokana na mto. Wandengereko wanajulikana kwa vilima vyao vya kaskazini, Wamatumbi kwa milima yao ya kusini, Wanyagatwa kwa visiwa vya delta. Lakini Mrufiji kwa muda mrefu alikuwa mtu yeyote aliyeshuka bondeni akalima na kuvumilia maji. Walishuka Wangindo, walishuka Wapogoro, wakafika watu waliokuwa watumwa wakitafuta pa kujificha. Baada ya vizazi viwili wote wakawa Warufiji.

Mdomoni mwa mto ndiko historia ilikoanza kuandikwa. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza unautaja mji uitwao Rhapta, uliopewa jina kwa mashua zake zilizoshonwa kwa kamba, na mwanaakiolojia Felix Chami, aliyechimba Rufiji kwa miaka mingi na kukuta humo shanga za kale zilizotoka Bahari ya Mediterania, amekuwa akitetea kwamba mji huo ulikuwa upande huu. Wapo wasiokubali. Kwa wanaoishi pale, ushahidi mkubwa zaidi wa ukale wa uhusiano huo ni mikoko.

Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko mahali pengine popote pwani ya Afrika Mashariki ulipoungana kwa pamoja, na mkazi wa huko hasemi tu mikoko. Anasema mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mkomafi, kila mti na kazi yake. Boriti zilizonyooka zilipakiwa kwenye majahazi yaliyoletwa na kaskazi, yakangojea kusi, yakarudi Arabuni na Ghuba ambako mti wa kuezekea ni shida. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za mawe, za Lamu na Unguja na kule Ghuba vilevile, ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ulikuwa urefu wa boriti. Mwaka 1939 baharia Mwaustralia, Alan Villiers, aliingia delta akiwa kwenye jahazi la Kuwait lililofuata shehena hiyo, na hali ya matope na joto hakuipenda hata kidogo. Miaka 64 baadaye, Agosti 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa lenye mita 970, Kuwait ilikuwa miongoni mwa waliotoa fedha za kulijenga. Sidhani kama kuna aliyekumbuka boriti katika hotuba za siku ile. Lakini deni, kama lipo, lilikuwa limelipwa nusu.

(Walioijua pantoni ya Ndundu kabla ya daraja hawahitaji kuelezwa mito ni nini. Masika ikichachamaa, abiria wa Kilwa, Lindi na Mtwara waliweka kambi ukingoni kama wahamiaji, na wauza samaki wa kukaanga wakafanya biashara ya mwaka mzima kwa wiki mbili.)

Sasa nije kwenye jambo linalotajwa kila tunapoitaja Rufiji: Maji Maji. Tumelizoea jina hilo kiasi kwamba hatulisikii tena. Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, kusini mwa mto. Mwaka 1904 inasimuliwa alivutwa na pepo, Hongo, akazama kwenye kidimbwi, na kesho yake akaibuka akiwa mkavu. Watu wakamiminika kwake kufuata dawa: maji, mtama, mafuta ya mbono. Lakini kabla yake tayari palikuwepo mahali pa ibada kwenye maporomoko ya Rufiji yenyewe, pa Bokero, ambako watu wa makabila mbalimbali walipeleka sadaka kuomba mvua na mavuno. Ngarambe haikuzua dini mpya. Ilichukua imani ya mto iliyokuwepo ikaielekeza vitani.

Vitabu vya shule vimetufundisha kuyacheka yale maji kidogo, kwa huruma: masikini, waliamini risasi zitageuka maji. Mimi naona swali liko kwingine. Kwa nini maji, yasiwe moto au chuma? Kwa sababu katika bonde lile maji ndiyo serikali iliyokuwepo kabla ya serikali. Ndiyo yaliyoamua nani anakula na nani anahama. Mjerumani alipokuja na pamba ya kulazimishwa, akaamrisha watu waache mashamba yao kwenda kulima shamba la akida, alikuwa anashindana na kalenda ya mto. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete wakang'oa mashina ya pamba. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro, kando ya bonde, kabla vita havijakolea. Waliokufa mpaka mwaka 1907, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma chakula na mashamba, wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000. Njaa ilitumiwa kama silaha, na ilifaa kwa sababu aliyeitumia alielewa watu wale wanaishije.

Miaka 9 baada ya vita hivyo kuanza ilikuja hadithi ambayo Wazungu wanaipenda kuliko zote. Manowari Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba 1914, ilijificha ndani ya delta mpaka Julai 1915 ilipopigwa na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 ilitolewa majini na kuburutwa nchi kavu. Mmoja unauona leo Fort Jesus, Mombasa. Yameandikwa mengi juu ya nahodha, juu ya ndege za kwanza kuruka delta, juu ya mwindaji aliyepeleleza njia za maji. Waliovuta mizinga ile kwa kamba hawana majina. Nisonge mbele.

Uhuru haukubadilisha wazo, ulibadilisha mwenye kulitekeleza. Mwaka 1961 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa lilikabidhi ripoti nene juu ya bonde la Rufiji, yenye ndoto ya kuyadhibiti maji na kumwagilia maelfu ya hekta. Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya, na serikali ikaona wakati umefika. Watu wa bondeni wakahamishwa kwenda juu, kwenye mchanga, katika vijiji vya ujamaa; Operesheni Rufiji ilikuwa kati ya operesheni za mwanzo kabisa za aina yake nchini, miaka kadhaa kabla ya zile za 1974 zinazokumbukwa zaidi.

Nia ilikuwa njema, naamini hivyo. Shule, zahanati na kisima haviwezi kujengwa kwa kila dungu. Lakini walihamishwa walalaji, mashamba yakabaki palepale. Mtu aliyekuwa akitoka mlangoni na kuingia kwenye mpunga, sasa alitembea saa kadhaa, na wengine walitenganishwa na mashamba yao na mto wenyewe, kijiji ng'ambo hii na shamba ng'ambo ile. Nguruwe na ndege hawakuhamishwa. Kilimo cha bondeni kikayumba, mihogo na mikorosho ya juu ikashika nafasi. Na watu wakafanya walichoweza: kijijini wakabakiza anwani, msimu ukifika wakarudi dunguni. Wanaendelea kufanya hivyo hadi leo. Kama ingekuwa kura, matokeo yake yalijulikana mapema.

Wazo la kujenga bwawa korongoni, mahali palipobeba jina la Mzungu anayesemekana kuuawa na tembo hapo mwaka 1907, liliendelea kupita ofisi hadi ofisi. Mwaka 1975 ikaundwa RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde. Wanorwei wakachora, wakapima, wakajitoa. RUBADA iliishi zaidi ya miaka 40 bila kupata bwawa, jambo ambalo ni kama kuanzisha chama cha madereva pasipo gari. Juu zaidi vikajengwa vituo vingine: Kidatu, Mtera, kisha Kihansi, ambako maporomoko yalipopunguzwa chura mdogo aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu yake tu akatoweka porini. Chura huyo alipata watetezi duniani kote. Nimewahi kujiuliza mpunga wa mlangoni mwa delta ungetetewa na nani.

Desemba 2018 mkataba ukasainiwa na kampuni mbili za Misri, na tarehe 22 Desemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua ujazaji wa maji. Bwawa la Julius Nyerere lina ukuta wa mita 131, linaweza kushika maji yapatayo mita za ujazo bilioni 33, na mitambo yake 9 ya megawati 235 kila mmoja inafanya jumla ya megawati 2,115, zaidi ya mara 10 ya Kidatu. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mapema 2024, wa mwisho mwaka uliofuata. Siandiki haya kulipinga. Naandika kwenye kompyuta, na nakumbuka mgao wa umeme kama mtu anavyokumbuka jino lililong'olewa bila ganzi. Bwawa limejengwa, limefanya kazi, na kulilaani sasa ni kupoteza pumzi.

Ninachosema ni kingine. Aprili 2024, katika mvua za El Niño, maji yalifunika vijiji na mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti. Bwawa lilikuwa limejaa, milango ikafunguliwa. Wakazi wengi wakasema: tumefunguliwa maji. Serikali ikajibu kwamba mvua ilikuwa kubwa mno, kwamba Rufiji imekuwa ikifurika tangu zamani, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Sina sababu ya kudharau jibu hilo. Bonde lilishazama 1968, likazama 1998, na wakati huo hapakuwa na mlango wowote wa kufungua.

Lakini sikiliza kitenzi. Maji ya zamani yalikuja. Ya 2024 yalifunguliwa. Kwa vizazi vyote, mtu aliyepoteza mpunga wake alimwambia Mungu, akapanda mlao, yakaisha. Sasa kuna chumba chenye skrini na mtu mwenye zamu. Yakizidi, kuna wa kuulizwa. Na yasipokuja, yuko vilevile wa kuulizwa, na hili la pili ndilo ambalo hakuna anayelizungumza, kwa sababu mashamba yasiyopata maji hayapigwi picha na ndege nyuki. Mitambo ya umeme inapenda mto unaotiririka kwa usawa mwaka mzima. Mpunga wa Rufiji unapenda mto unaopanda Machi na kushuka Juni. Tope linalobaki nyuma ya ukuta halifiki bondeni wala delta, na kambamiti, samaki na mikoko inaishi kwa tope hilo.

Wenzetu wamewahi kulikabili. Afrika Kusini, chini ya bwawa la Pongolapoort, wakazi wa uwanda wa Makhathini walijadiliana kupitia kamati zao lini mafuriko ya kupangwa yaachiliwe. Haikuwa pepo: wakulima wa pamba walitaka tarehe moja, wavuvi na wakulima wa chakula nyingine, na wakagombana. Ila waligombana mezani, wakiijua tarehe inayogombaniwa. Sisi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, inayotambua maji ya kuachwa kwa ajili ya mazingira na jumuiya za watumia maji. Tunayo Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Makao yake yako Iringa, mji wenye baridi nzuri, mbali sana na Mohoro.

Na umbali huo una bei. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi katika miaka ya 1990 kwa sababu ya yaliyokuwa yakifanyika Usangu, mashamba makubwa ya mpunga pamoja na mifugo. Serikali mwaka 2006 na 2007 ikawaondoa wafugaji na ng'ombe wao. Waliondoka kwenda wapi? Wengi walishuka kusini na mashariki, Kilwa, Lindi, na bonde la chini la Rufiji. Tatizo la maji la juu likateremshwa kwa kwato hadi kwenye mashamba ya mlao, na miaka michache baadaye mkulima na mfugaji wakawa wanauana. Upande wa juu waliona mto umepata nafuu. Upande wa chini hawakuulizwa, kama ambavyo hawakuulizwa 1968.

Ningependa mwaka wowote ujao, mwezi wa Februari, redio itangaze ratiba ya maji ya Rufiji kama inavyotangaza bei ya korosho: siku gani yataongezwa, kwa kiasi gani, hadi lini. Ningependa ratiba hiyo iwe imepitia Utete, Mohoro na vijiji vya delta kabla ya kupitia Dodoma. Si jambo gumu kiufundi. Gumu ni kukubali kwamba anayelima na jembe kwenye tope ni mdau sawa na gridi ya taifa.

Kwa sasa msimu mwingine unakaribia, na miti ya dungu inakatwa. Mzee anaisimamisha nguzo, anaitazama, anaweka alama kwa panga mahali sakafu itakapokaa. Zamani aliweka alama hiyo kwa maji ya babu yake. Sasa anasita, anauliza jirani kama kuna aliyesikia chochote kutoka bwawani, jirani hajasikia, na panga linabaki limeegemezwa kwenye mti.